Kompyuta ya prosesa mbili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara, Arusha na Moshi

Maswali haya yanatoka kwa watu wanaounga au kuboresha kompyuta za prosesa mbili hapa Arusha na Moshi: wahariri wa video za safari, wachora majengo, watafiti wenye data za vinasaba na picha za satelaiti, na mafundi wenzetu. Wengi wanakuja wakiamini kuna kifaa kimekufa. Mara nyingi hakuna kilichokufa. Vifaa vizima vimekutanishwa na vifaa visivyopatana navyo. Ndiyo maana majibu mengi hapa yanakurudisha kwenye jambo moja: soma namba iliyoandikwa kwenye kifaa chenyewe kabla hujatoa pesa.

## Mambo ya msingi

1. Prosesa mbili si ni sawa na prosesa moja yenye viini viwili?

Hapana. Viini ni sehemu za kufanyia hesabu zilizomo ndani ya prosesa moja; hata simu ya mkononi inaweza kuwa na vinane. Kompyuta ya prosesa mbili ina soketi mbili kwenye madabodi, na kila soketi inabeba prosesa kamili yenye ramu yake na sloti zake. Xeon E5-2680 v4 (prosesa ya Intel ya seva; v4 ni kizazi chake) moja ina viini 14, kwa hiyo mbili zinakupa 28.

Prosesa hizo zinaongea kupitia njia maalumu inayopita kwenye madabodi. Intel waliiita QPI kwenye Xeon E5, na UPI kwenye Xeon Scalable zilizotoka 2017. Prosesa ambayo haikutengenezwa kutumia njia hiyo haiwezi kupata mwenza, hata uifanyeje.

2. Kazi yangu inahitaji prosesa mbili kweli?

Inahitaji kama programu yako inaweza kugawa kazi moja katika vipande vingi kwa wakati mmoja. Kutengeneza picha za 3D kwa Blender, kuunganisha mamia ya picha za droni kuwa ramani, kupanga data za vinasaba, kuendesha mashine pepe kadhaa kwa pamoja: hapo prosesa mbili zinalipa.

Kwa Photoshop, Excel, magemu na uchoraji wa kawaida wa AutoCAD, usinunue. Kazi hizo zinategemea zaidi kasi ya kiini kimoja, na E5-2680 v4 inaanzia GHz 2.4. Prosesa moja ya kisasa ya bei ya kati itaiacha mbali na kula umeme kidogo. Tunalisema hili hata kwa mteja aliyekuja na pesa mkononi, kwa sababu atairudisha mashine akilalamika kuwa ni nzito, na atakuwa na haki.

3. Nikiongeza prosesa ya pili, kasi inakuwa mara mbili?

Kwa kazi chache inakaribia mara mbili. Kwa nyingi inaongezeka kiasi, na kwa baadhi inashuka.

Inashuka kwa sababu ya ramu. Kila prosesa ina vijiti vyake vya ramu vilivyounganishwa nayo moja kwa moja. Ikihitaji data iliyoko kwenye ramu ya mwenzake, inabidi ipitie ile njia ya QPI au UPI, na hapo inachelewa, kama fundi anayelazimika kufuata spana chumba cha pili kila akitaka kukaza nati. Mfumo huu unaitwa NUMA. Programu iliyoandikwa vizuri inaweka data karibu na prosesa inayoitumia. Isiyojua jambo hili inazurura. Ukiona programu moja inakwenda vibaya, ifungie kwenye prosesa moja tu uone tofauti. Kwenye Linux inafanyika kwa amri ya numactl.

4. Ninunue mashine nzima ya mtumba au niunge kipande kwa kipande?

Kwa anayeanza, nunua nzima: HP Z840, Dell Precision T7910 na za aina hiyo. Madabodi, kasha, pawa saplai na vipoza vilishapatanishwa kiwandani, na sehemu kubwa ya matatizo yaliyo kwenye ukurasa huu hutakutana nayo. Hasara yake ni kwamba sehemu nyingi ni za kampuni hiyo peke yake, kwa hiyo spea inakuwa kazi kuipata (swali la 17).

Unga mwenyewe kama unataka kadi kadhaa za grafiki, kasha lako, au prosesa za kizazi kipya zaidi. Ukifanya hivyo, anza kuchagua madabodi, kisha kila kitu kingine kiifuate hiyo. Watu wanaonunua prosesa kwanza kwa sababu wameikuta kwa bei ya kutupa ndio tunaowaona sana.

## Prosesa na soketi

5. Nitajuaje kama prosesa inakubali kuwekwa mbili?

Kwa Xeon E5, angalia tarakimu ya kwanza baada ya mstari. E5-1650 ni ya kukaa peke yake. E5-2650 inakubali mbili. E5-4650 inakubali hadi nne, na mbili pia. Mteja mmoja wa Moshi alileta E5-1650 v3 mbili, safi kabisa, zikiwa bado kwenye vibweta vyake. Zilikuwa nzima na zilikaa vizuri kwenye soketi, lakini pamoja haziwezi kufanya kazi.

Tarakimu ya pili nayo ina maana. E5-2420 ni ya prosesa mbili, lakini soketi yake ni LGA 1356. Haihusiani na LGA 2011.

Kwa Xeon Scalable, nyingi zinakubali mbili, ila zenye herufi U mwishoni, kama 6212U, ni za soketi moja. Kwa AMD EPYC, herufi ya kukwepa ni P: 7402 inakubali mwenza, 7402P haikubali. Core i7, Core i9, Ryzen, Threadripper na Xeon W zote ni za kukaa peke yake.

6. Prosesa na madabodi zote zimeandikwa LGA 2011. Mbona haiingii?

Kwa sababu zipo mbili tofauti. E5-2600 za kwanza na v2 zinatumia LGA 2011 ya awali, yenye chipseti (chipu kuu ya madabodi) ya C602 na ramu ya DDR3. E5-2600 v3 na v4 zinatumia LGA 2011-3, yenye chipseti ya C612 na ramu ya DDR4. Idadi ya pini ni ileile, lakini mpangilio ni mwingine na vikato vya pembeni vimehamishwa makusudi ili usikosee. Ikigoma kukaa bapa, itoe. Ukiilazimisha, utapinda pini za soketi (swali la 10).

Na hata ikiingia, bayosi (programu ndogo ya madabodi inayoiwasha mashine) lazima iitambue. Madabodi iliyotoka na v3 huhitaji bayosi mpya ndipo ikubali v4. Tafuta v3 yoyote ya kuazima, iweke, sasisha bayosi, ndipo uweke v4 zako. Fundi mwenye v3 moja ya akiba kwenye droo anaokoa watu wengi.

7. Prosesa mbili lazima zifanane kabisa?

Ndiyo, modeli ileile. E5-2680 v4 pamoja na E5-2690 v4 usijaribu, japo zote zina viini 14. V3 na v4 kwenye madabodi moja ndiyo kabisa hapana.

Zaidi ya modeli, linganisha ile alama ndogo inayoanzia na SR kwenye kifuniko cha chuma. E5-2680 v3 za kawaida zimeandikwa SR1XP, na E5-2680 v4 zimeandikwa SR2N7. Alama zikilingana, toleo la kiwandani ni moja. Tarehe au nchi ya kutengenezwa zikitofautiana, hakuna neno.

8. Nimeuziwa prosesa imeandikwa "INTEL CONFIDENTIAL". Ni feki?

Si feki. Ni sampuli ya majaribio ambayo Intel huwapa watengenezaji kabla bidhaa haijatoka sokoni, na alama yake huanza na Q badala ya SR. Baadhi zinafanya kazi, baadhi zina kasi ndogo kuliko jina lake, na bayosi nyingi hazizitambui. Kwa mashine ya kazi inayolisha familia, zikwepe. Bei yake ndogo ina sababu.

9. Nina HP Z620 (au Z820). Nimesasisha bayosi hadi ya mwisho, bado inakataa prosesa za v2. Tatizo ni nini?

Hili linawachanganya hata mafundi wazoefu. Mashine za Z420, Z620 na Z820 zilitoka kwa matoleo mawili ya madabodi. Ndani ya chipu ya bayosi kuna sehemu ya mwanzo inayoitwa Boot Block, na sehemu hiyo haibadiliki unaposasisha bayosi kwa njia ya kawaida.

Washa mashine, bonyeza F10, ingia System Information, tafuta Boot Block Date. Ikisomeka mwaka 2011, madabodi hiyo inakubali E5 za kwanza tu. Ikisomeka 2013, inakubali na v2. Kabla ya kununua mashine hizi kwa mtumba, mwombe muuzaji akupigie picha ya ukurasa huo. Ni kazi ya dakika mbili kwake.

Tukiwa hapohapo: kwenye Z620 prosesa ya pili haikai kwenye madabodi. Inakaa kwenye bodi ya nyongeza inayochomekwa, pamoja na nafasi zake za ramu. Mashine ikiuzwa bila bodi hiyo, huna pa kuweka prosesa ya pili.

10. Prosesa zinafanana, bayosi ni mpya, lakini kijiti kimoja cha ramu hakionekani. Nibadilishe ramu?

Kwanza hamisha kijiti hicho kwenye nafasi nyingine. Kikionekana huko, kijiti ni kizima. Hapo toa prosesa ya upande wa nafasi iliyogoma na uangalie soketi.

Kwenye soketi za LGA, pini ziko upande wa madabodi, ni nyembamba kuliko sindano, na zimepita elfu mbili. Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu, imulike soketi kwa ubavu huku ukiinama kuiangalia kutoka pembe tofauti. Pini zilizonyooka zinang'aa kwa mistari iliyopangika. Iliyopinda inaonekana kama nukta iliyokosa mstari, au imelalia jirani yake. Pini moja inatosha kupoteza chaneli nzima ya ramu (njia inayounganisha ramu na prosesa) au sloti moja ya kadi, na mashine ikaendelea kuwaka kama kawaida.

Unaweza kuinyoosha kwa ncha ya sindano ukiwa na kioo cha kukuza na mkono uliotulia, ukiisukuma kidogokidogo. Ikikatika, basi. Madabodi inayosafirishwa kwa basi kutoka Dar es Salaam lazima iwe na kifuniko cha plastiki juu ya soketi zote mbili. Isiyo nacho usiikubali bila kuimulika.

## Ramu

11. Ninunue ramu ya aina gani? Fundi mmoja anasema DDR4 ni DDR4.

Hapana, na kosa hili linakula pesa za watu kila mwezi. DDR4 zipo za namna kadhaa. Ramu ya kompyuta za kawaida inaitwa UDIMM. Ya seva na kompyuta za prosesa mbili ni RDIMM, na zile za ujazo mkubwa huwa LRDIMM. RDIMM na LRDIMM hazichanganywi kwenye mashine moja. UDIMM ya kompyuta ya ofisini inaingia kwenye nafasi bila shida, vibanio vinafunga, kisha mashine inakaa kimya au inapiga milio.

Njia ya uhakika ni lebo. Chukua iliyoandikwa "16GB 2Rx4 PC4-2133P-RA0-10". GB 16 ni ujazo. 2Rx4 inaeleza jinsi chipu zilivyopangwa: renki (makundi ya chipu) mbili, chipu za aina ya x4. PC4 ni DDR4. Ingekuwa PC3 au PC3L ni DDR3. 2133 ni kasi. Kisha tazama herufi inayokuja baada ya mstari unaofuata kasi: hapa ni R, yaani RDIMM. Ukikuta L ni LRDIMM. Ukikuta U ni ya kompyuta ya kawaida, na E ni ya kawaida yenye ECC (uwezo wa kusahihisha makosa ya data). Ile P iliyogandana na 2133 ni ya kasi tu, haihusiki na aina. 2400 huandikwa T.

Nunua vijiti vyote vyenye lebo moja kama unaweza. Lebo zikitofautiana kidogo kwenye renki, mashine nyingi zitawaka, lakini ikianza kujizima katikati ya kazi utapoteza siku nzima ukitafuta mchawi.

12. Fundi, nimeweka prosesa moja tu kwa sasa. Mbona nusu ya ramu na sloti hazifanyi kazi?

Zinaisubiri prosesa ya pili. Nafasi za ramu zilizo upande wake zimeunganishwa nayo tu, na baadhi ya sloti za PCIe (za kuchomekea kadi) pia. E5-2600 v3 na v4 kila moja ina njia 40 za PCIe 3.0, bila prosesa ya pili, njia 40 hazipo.

Kwa hiyo weka ramu zote upande wa soketi ya kwanza, na kadi ya grafiki kwenye sloti inayotoka soketi hiyo. Mchoro uko kwenye kitabu cha madabodi. Prosesa ikiwa moja, ikae soketi iliyoandikwa CPU1, au CPU0 kwa baadhi ya kampuni.

13. Ni vijiti vingapi?

Hesabu chaneli. E5-2600 ina chaneli nne kwa kila prosesa, kwa hiyo vijiti vinane kwa mbili. Xeon Scalable za kwanza na za pili zina sita, yaani kumi na viwili. EPYC za 7001 hadi 7003 zina nane, yaani kumi na sita. Gawa sawa pande zote mbili. Vijiti viwili vya GB 64 upande mmoja, kwenye mashine ya prosesa mbili, ni kuzinyima prosesa zako chakula.

14. Ramu yangu ni 2400 lakini inasomeka 2133, au hata 1866. Nimeibiwa?

Hujaibiwa. Kasi inashuka hadi ya kijiti cha polepole kuliko vyote, au hadi kikomo cha prosesa. Prosesa za v3 zinaishia 2133, na za bei ndogo kama E5-2620 v3 zinaishia 1866.

## Kasha, umeme na upozaji

15. Kasha limeandikwa E-ATX. Madabodi ya prosesa mbili itaingia?

Pima kwa rula. Madabodi nyingi za soketi mbili ni za kipimo cha SSI EEB: milimita 305 kwa 330. Makasha mengi yanayotangazwa kuwa ya E-ATX yanaishia milimita 272 hivi upande wa upana, na ukiweka EEB inafunika matundu ya kupitishia waya au inagonga sehemu ya diski.

Jambo la hatari zaidi ni vile vinguzo vidogo vya shaba vinavyobeba madabodi. Matundu ya EEB hayalingani yote na ya ATX. Kinguzo kilichobaki mahali pasipo na tundu kinagusa mgongo wa madabodi na kupiga shoti. Weka madabodi juu ya karatasi ngumu, weka alama kwenye kila tundu, linganisha na kasha, kisha ondoa kila kinguzo kisichohitajika. Fanya hivi kabla ya kuweka prosesa.

16. Pawa saplai ya wati ngapi, na iwe na waya gani?

Jumlisha. Prosesa mbili za wati 120 ni 240. Kadi kubwa ya grafiki kama RTX 3090 ni wati 350. Diski, feni, ramu na madabodi weka 100. Jumla inakaribia 700, kwa hiyo chukua ya wati 1000.

Wati pekee hazitoshi. Madabodi ya soketi mbili inahitaji waya mbili za pini 8 za prosesa, zinazoitwa EPS, moja kwa kila soketi. Pawa saplai nyingi za bei ndogo zina moja tu. Usichukue waya wa pini 8 wa kadi ya grafiki ukaulazimisha hapo: unafanana kwa macho, lakini chanya na hasi zimekaa kinyume. Waya za pawa saplai ya kampuni moja pia usizichomeke kwenye nyingine, hata kama zinaingia. Upande unaochomekwa kwenye pawa saplai hauna kipimo cha pamoja, na diski zimeungua kwa njia hiyo.

17. Pawa saplai ya HP au Dell yangu imeungua. Nitaweka ya kawaida?

Kwa mashine kubwa za HP na Dell, usitegemee. Umbo na viunganishi ni vya kwao. Tafuta ileile kwa namba yake ya spea iliyo kwenye lebo, au mashine iliyokufa madabodi uing'oe.

18. Kipoza cha prosesa kimeandikwa LGA 2011 lakini skrubu hazifiki. Kwa nini?

Soketi hiyo ina fremu mbili. Ya mraba ina matundu yaliyoachana milimita 80 kwa 80. Nyembamba ina 56 kwa 94, na inapatikana sana kwenye madabodi za seva kwa sababu inaacha nafasi ya ramu. Pima kwa rula, kisha agiza. LGA 3647 nayo ina mraba na nyembamba.

Angalia pia uelekeo wa hewa. Kwenye madabodi nyingi soketi moja iko nyuma ya nyingine, kwa hiyo prosesa ya nyuma inapokea hewa ya moto kutoka ya mbele na itakuwa na joto zaidi. Hilo ni kawaida; tofauti ikiwa kubwa mno, rudia pesti ya kupitishia joto na skrubu. Moshi mchana wa Februari, chumba kisicho na hewa kinaweza kuifanya prosesa ipunguze kasi yenyewe. Arusha kuna ubaridi, lakini vumbi la kiangazi linaziba mapezi ya kipoza. Safisha kwa brashi na kipulizo, si kwa kitambaa chenye maji.

19. UPS yangu inabipu na mashine inazima papo hapo umeme wa TANESCO ukikatika. UPS mbovu?

Huenda ni ndogo. UPS ya VA 650 haifiki hata wati 400, na mashine ikiwa kwenye kazi inavuta zaidi ya hapo. Soma wati, acha VA.

Sababu nyingine ni aina ya umeme unaotoka. UPS za bei ndogo zikiwa kwenye betri hutoa wimbi la kuiga, na baadhi ya pawa saplai za kisasa hulikataa. Tafuta yenye wimbi safi. Kwa mashine inayofanya kazi za usiku kucha, hii ndiyo pesa tunayosisitiza kuliko ramu ya ziada. Na ujue kuwa pawa saplai kubwa sana huwa na tundu la C20, ambalo waya wa kawaida wa kompyuta hauingii; unahitaji waya wa C19.

## Kadi, diski na programu

20. Nimepata kadi ya Tesla (ya NVIDIA, ya seva) kwa bei nzuri. Itafanya kazi?

Inaweza, ukiyajua haya. Tesla P40 ina GB 24 na inakula wati 250, haina tundu la skrini wala feni. Ilitengenezwa kwa seva inayopuliza hewa kwa nguvu. Kwenye kasha la kawaida lazima uifungie feni nyuma, la sivyo inazima kwa joto. Kiunganishi chake cha umeme ni cha aina ya EPS na si cha kadi za kawaida, kwa hiyo rudia onyo la swali la 16. Kisha ingia bayosi uwashe Above 4G Decoding. Bila hiyo, mashine inagoma kuwaka au kadi haionekani.

21. SSD ya NVMe (inayotumia njia za PCIe) inaonekana ndani ya Windows lakini mashine haiwaki kutoka humo. Nifanyeje?

Kwa mashine za C602 kama Z620 na Z820, bayosi haijui kuanzia kwenye NVMe. Weka Windows kwenye SSD ya SATA, NVMe itunze kazi zako. Madabodi nyingi za C612 zinaweza baada ya kusasisha bayosi.

Ukinunua kadi ya kubebea NVMe nne kwenye sloti moja, hakikisha bayosi inaweza kugawa sloti ya x16 kuwa x4 nne. Isipoweza, utaona moja tu.

22. Bayosi inaona prosesa mbili, Windows inaona moja. Nani mkweli?

Wote. Windows Home inatumia soketi moja tu. Windows Pro inatumia mbili. Fungua Task Manager, kichupo cha Performance, bofya CPU, usome Sockets. Ikiwa 1 na unatumia Home, tatizo ni leseni, na hakuna kifaa cha kubadilisha. Kwenye Linux andika lscpu.

Mashine ikipita nyuzi 64 (mikondo ya kazi inayoendeshwa na viini), Windows inazigawa katika makundi, na programu za zamani zinatumia kundi moja. Ukiona nusu ya viini vimelala wakati wa kazi nzito, angalia kama programu yako ina toleo jipya.

23. Windows 11 inaikataa mashine yangu ya E5. Kuna njia?

Prosesa za E5 hazimo kwenye orodha rasmi ya Windows 11, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Njia za kulazimisha zipo, ila hatuzishauri kwa mashine ya ofisi yenye data za wateja. Kama programu zako zipo kwa Linux, Ubuntu inazitumia prosesa hizi bila kinyongo. Kama hazipo, anzia kwenye Xeon Scalable kizazi cha pili.

## Mambo ya pembeni

24. Nimemaliza kuunga, nimewasha, feni zinazunguka, skrini nyeusi. Nianzie wapi?

Anza kwa kusubiri. Mashine yenye ramu nyingi hupima kila kijiti mwanzoni, na dakika kadhaa za skrini nyeusi ni kawaida. Wengi wanazima katikati na kuwasha upya.

Ikizidi hapo, chomeka skrini kwenye tundu la VGA la madabodi kama lipo. Madabodi za seva huanza kuonyesha picha huko. Bado? Toa kila kitu. Acha prosesa ya kwanza, kijiti kimoja kwenye nafasi iliyoandikwa A1, na waya zote za umeme. Ikiwaka, rudisha kifaa kimoja kimoja, ramu kwanza, kisha prosesa ya pili, kadi mwisho. Ikigoma, badilishana prosesa. Zote zikigoma kwenye soketi hiyo, nenda swali la 10.

25. Naagiza kutoka Kariakoo au Nairobi. Nimwombe muuzaji picha gani?

Kifuniko cha prosesa zote mbili kwa karibu, alama ya SR isomeke. Soketi zote mbili zikiwa wazi, zimemulikwa kwa ubavu. Lebo ya kila kijiti cha ramu. Jina na toleo la madabodi lililochapwa kwenye bodi yenyewe. Ukurasa wa bayosi unaoonyesha prosesa mbili na jumla ya ramu. Anayekataa kutuma picha za namna hii, mshukuru na utafute mwingine.

26. EPYC yangu ilifanya kazi kwenye seva ilikotoka, lakini kwenye madabodi mpya haiwaki kabisa. Imekufa?

Pengine imefungwa. AMD waliweka ulinzi unaomwezesha mtengenezaji wa seva kuifunga prosesa kwa bayosi yenye saini yake, na baadhi ya watengenezaji wakubwa wanautumia. Ikishafungwa haifunguliki, na kwa macho haina tofauti yoyote na nyingine. Uliza ilitoka kwenye seva ya kampuni gani, na kabla ya kulipa pata ahadi ya maandishi kwamba utairudisha ikigoma kwenye madabodi yako.